Kikombe Kisichomwaga

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu raia wake wenyewe hulitaja kwa kushusha sauti, na si adabu mgeni kuwapita wenyeji kwa kelele. Ni nchi ya amani. Ina mito, ina redio, na ina chai nzuri kuliko ya majirani wote. Kasoro yake ni moja tu: chai hiyo haifiki vinywani.

Mambo yalianza kwenye sherehe za Uhuru. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa aliinua kikombe kuitakia nchi heri, na mkono wake ukatetemeka. Chai ikaruka na kumwangukia mapajani balozi wa nchi rafiki. Uwanja mzima uliona. Kabla jua halijazama redio ilikuwa imekwisha kueleza kwamba kile wananchi walichokishuhudia hakikuwa kutetemeka kama kunavyojulikana hospitalini. Ulikuwa Mtetemo wa Uangalizi: mkono wa kiongozi ukifanya kazi hata pale unapopumzika. Balozi naye alitoa taarifa ya kushukuru kwa mapokezi ya moto.

Kesho yake Waziri wa Mambo ya Ndani alikunywa chai bungeni mkono ukimtetemeka. Keshokutwa walitetemeka mawaziri wote. Mwezi haukwisha ila jambo hilo lilikuwa limepata utaratibu. Karani alitetemeka vidole. Mkurugenzi alitetemeka mpaka kiwiko. Waziri alitetemeka mpaka begani, na mtu asiye waziri aliyefika begani alihesabiwa kuwa ana uchu wa madaraka.

Shati safi likawa shati la kushukiwa. Vijana waliokwenda kwenye usaili wa kazi walijimwagia chai kifuani kabla ya kubisha hodi. Saa nne asubuhi, wakati wa chai ya ofisini, mji mzima ulijaa sauti ya vikombe vikigonga visahani, kekekeke, mtaa hadi mtaa, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Wageni walisema hawapati utulivu katika nchi ile. Wenyeji walisema hawajui utulivu ni nini, kwa hiyo hawajaukosa.

*

Chai kumwagika lilikuwa tatizo la kila siku la kila mtu, na nchi ile haikuwa ya kupuuza matatizo. Ilikuwa na Taasisi ya Taifa ya Uvumbuzi, yenye wavumbuzi waliosoma, na kazi yao ilionekana kila mahali. Mmoja alivumbua suruali yenye bitana ya plastiki, akapewa mtaa wenye jina lake. Mwingine alivumbua kisahani chenye kina cha sufuria. Wapo waliovumbua marashi ya mapaja yaliyoungua, yenye harufu ya waridi. Na kwenye ofisi kubwa za serikali sakafu zilijengwa kwa mteremko ulioikusanya chai yote kwenye mfereji, na mfereji ukaipeleka kwenye pipa nyuma ya jengo, ambako wafagizi waliichota wakainywa, kwa kuwa mfagizi hana cheo cha kutetemeka.

Uvumbuzi wote huo ulianzia pale chai ilipoangukia. Hakuna hata mmoja uliouliza imetoka wapi. Mkono na kikombe havikuwamo katika mipaka ya utafiti.

Aliyeupima mteremko huo ni mhandisi mmoja wa Taasisi, Sikudhani Mwinchande. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kauli fupi, ambaye hakuweza kukaa kitini muda mrefu. Akifikiri alizunguka meza, na akizunguka meza wenzake walijua anafikiri, nao wakaingiwa na wasiwasi. Kazini alipima jinsi chai inavyotiririka ikishapotea. Nyumbani alikuwa na baba ambaye chai ilimpotea kila asubuhi mbele ya macho yake.

Mzee Mwinchande alikuwa kinyozi. Alikwisha kunyoa ndevu za watu wa kila daraja, na hakuna aliyeinuka kitini mwake na mkwaruzo. Mikono yake ilianza kutetemeka kabla ya ule wa Mlezi. Siku wembe ulipogusa sikio la mteja, aliufuta, akaufunga katika kitambaa, akafunga na duka. Alikwenda kwa daktari, na daktari akamtajia ugonjwa wake kwa jina, maana wakati ule ulikuwa bado una jina. Aliporudi baada ya ile sherehe ya Uhuru, daktari yuleyule aliutazama mkono, akautazama mlango, kisha akasema, "Hongera, mzee."

Pale kijiweni, mbele ya duka la fundi cherehani, alikozoea kunywa chai na wenzake, mambo yalikuwa mabaya zaidi.

"Mzee Mwinchande, mtetemo huo umefundishwa wapi?"

"Tazameni, mpaka kidevu! Waziri gani amefika kidevuni?"

"Mzee, tupitishie na sisi siri yake. Binti yangu anatafuta kazi bandarini."

Akaacha kwenda. "Wananiigiza ugonjwa," alimwambia Sikudhani, "halafu wananipa hongera." Sikudhani alipojaribu kumshikia kikombe, mzee aligeuza uso. "Niliachishwa kunyweshwa nikiwa sijaota meno yote. Nianze tena na wewe? Ondoa." Kikombe kilibaki mezani mpaka maziwa yakafanya utando.

Alichokitaka Sikudhani hakikuwa kikubwa, na aliweza kukieleza kwa sentensi moja, kama alivyofundishwa kueleza lengo la jaribio lolote: baba anywe chai ya moto, kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu.

*

Alizunguka meza ya nyumbani siku kadhaa. Mkono hauambiliki, aliwaza, kikombe kinaambilika. Jibu lilikuwa ukutani, kwenye vifaa vya zamani vya duka la baba yake. Kulikuwa na kioo cha kunyolea, cha mviringo, kilichoshikiliwa na misumari miwili ndani ya fremu. Aliitikisa fremu. Kioo kiliyumba kidogo, kisha kikasimama wima, kwa sababu upande wake wa chini ulikuwa mzito.

Akatengeneza kikombe kilichoning'inia ndani ya pete kwa misumari miwili. Pete hiyo akaining'iniza ndani ya pete kubwa zaidi, misumari yake ikikatiza ile ya kwanza, ili kikombe kibaki wima mkono ukiinama mbele, nyuma au pembeni. Chini ya kikombe alifunga kipande cha chuma kutoka kwenye kiti cha kunyolea. Baina ya mkono wa kushikia na pete ya nje aliweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, umeze ile mitikisiko midogo isifike ndani. Hakuna sehemu iliyokuwa mpya. Upya ulikuwa katika kuuliza swali lililokatazwa.

"Hiki nini?" baba yake aliuliza. "Taa?"

"Kikombe, Baba."

"Kikombe gani kimefungwa jela?"

"Wewe kishike tu."

Alikishika. Mkono ukatetemeka kama kawaida yake, pete zikatetemeka, na katikati ya ghasia hiyo chai ikatulia kama hakimu anayesikia kelele za kesi ya mahakama nyingine. Mzee alikitazama. Akakisogeza mdomoni polepole, kama mtu anayemsogelea ndege asiruke. Akanywa mpaka mwisho, akakiweka mezani.

Sikudhani alisubiri neno.

"Ongeza," alisema mzee.

*

Asubuhi iliyofuata Mzee Mwinchande alivaa kanzu safi, akaenda kijiweni na kikombe chake. Hapa palikuwa na mtu anayetetemeka kuliko wote, na kwa hiyo ni mzalendo kuliko wote. Lakini kanzu yake ilikuwa kavu, na kwa hiyo ni msaliti. Hakuna aliyejua asogee karibu naye au asogee mbali. Benchi zima likawa linahamahama.

Akaitwa Kisauti. Huyu alikuwa kijana mnene wa mtaa uleule, aliyewahi kunyolewa nywele zake za kwanza na Mzee Mwinchande, na sasa alikuwa Mlinzi wa Mtetemo wa Mtaa, mwenye kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mkono wako unatetemeka."

"Unatetemeka."

"Vizuri. Na chai haimwagiki."

"Haimwagiki."

"Sasa mzee wangu, mimi nikusifu au nikukamate?"

"Anza na lolote. Mimi nakunywa."

Benchi likacheka, kisha likajikumbuka likanyamaza. Kisauti akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Kwa kuwa alikuwa kazini alitetemeka njia nzima, na kwa kuwa kikombe kilikuwa kile, tone halikumwagika njia nzima, na alipofika ofisini alikiweka chini upesi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine.

Kutoka hapo kikombe kilipelekwa Taasisi, kwa aliyekitengeneza, na Taasisi ikaita kikao. Aliongoza Profesa Kitundu, mkurugenzi, ambaye utafiti wake mashuhuri ulithibitisha kwamba nguo iliyolowa hukauka.

"Bi. Sikudhani," alisema, "uvumbuzi lazima utatue tatizo. Hiki kinatatua tatizo gani?"

"Chai kumwagika, Profesa."

"Hilo limekwisha kutatuliwa. Tunao mteremko. Wewe mwenyewe uliupima."

"Mteremko unaipokea ikishamwagika. Hiki kinaizuia isimwagike."

"Na kwa nini humwagika?"

Vikombe tu ndivyo vilivyosikika, kekekeke, mbele ya kila mjumbe. Kila mmoja alijua jibu. Kila mmoja alimtazama mwenzake kuona kama analijua. Profesa mwenyewe alijuta kuuliza.

"Kwa sababu ya mvutano wa dunia," alisema Sikudhani.

Kikao kizima kikapumua.

"Mvutano wa dunia," alirudia Profesa kwa shukrani. "Kwa hiyo wewe unaupinga mvutano wa dunia?"

"Siupingi. Nautumia."

"Je," aliuliza mjumbe mmoja mwangalifu, "mvutano huo una msimamo gani kuhusu sera zetu?"

"Hauna msimamo, Mheshimiwa. Unaangusha kila mtu."

Jibu hilo halikupendwa. Hata hivyo, wajumbe walikubaliana kwamba sayansi ni sayansi, na kikombe kisihukumiwe bila kujaribiwa. Mapazia yakafungwa. Kila mjumbe akajaribu. Wengi wao hawakuwa wamemeza chai ya moto tangu ile sherehe ya Uhuru. Mmoja alifumba macho na kumtaja mama yake. Wakajaribu mara ya pili, kwa uhakika zaidi. Birika lilipokwisha, mapazia yakafunguliwa, na kikao kikaamua kwa kauli moja kwamba kikombe ni hatari.

"Mtu akitetemeka bila kumwaga," alieleza Profesa Kitundu, akijipangusa midomo, "tutajuaje kwamba anatetemeka kwa dhati? Kivunjwe."

Nyundo ilikuwa bado inatafutwa wakati gari la Ikulu lilipoingia uani. Katika nchi ile hakuna kikao cha siri kisichosikika Ikulu, na safari hii kilichosikika ni kwamba chai haikumwagika.

*

Mheshimiwa Mlezi alikuwa mdogo kuliko picha zake. Alikuwa amekaa peke yake mwisho wa meza ndefu, na kando ya kuta walisimama wasaidizi, wakitetemeka kila mmoja kwa cheo chake. Utaratibu wa pale ni kwamba Mlezi akitaka kunywa, wasaidizi hugeukia ukutani. Kikombe kilipowekwa mbele yake, migongo yote iligeuka pamoja.

Sikudhani hakuwa ameelezwa utaratibu huo, kwa hiyo aliona. Aliona mkono ukipanda, ukitetemeka, si kwa namna ya bungeni bali kwa namna ya nyumbani kwao. Ukasita karibu na mdomo, kisha ukafika. Mlezi alikunywa mkupuo mmoja, akakaa kimya na chai ya moto mdomoni kama mtu anayesikiliza habari ya mbali.

"Nani aliyekutuma utengeneze hiki?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni cha baba yangu."

"Anatetemeka?"

"Anaumwa, Mheshimiwa."

Ukutani, migongo ilikakamaa. Neno hilo halikuwa limetamkwa ndani ya jengo lile kwa muda mrefu. Mlezi hakukasirika. Alisogea mbele kidogo kitini.

"Asubuhi humzidi?"

"Asubuhi. Na akitazamwa."

"Akitazamwa," alisema Mlezi polepole. "Na vifungo vya shati?"

"Namfungia mimi. Hapendi."

"Hakuna apendaye."

Akanywa mpaka mwisho. Akakiweka kikombe mezani, akakitazama jinsi kilivyoyumba na kusimama wima.

"Ongeza," alisema.

Sikudhani aliongeza. Mikono yake ilikuwa imetulia, jambo ambalo ndani ya chumba kile lilikuwa uasi, lakini waliopaswa kuliona walikuwa wakitazama ukuta.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kikombe cha baba."

Mlezi alikizungushia mikono yote miwili. "Mwambie baba yako…" alianza, na sauti ilikuwa ya mtu mzima anayemtumia mwenziwe salamu. Ukutani mtu alikohoa. Mlezi akanyooka kitini, na uso wake ukarudi ndani ya picha. "Mwambie Taifa linamshukuru."

*

Redio ilitangaza jioni. Mheshimiwa Mlezi, katika saa zake za mapumziko, amevumbua kikombe. Kikombe hicho ni kimoja na kitabaki kimoja. Atakayetengeneza kinachofanana nacho atahesabiwa kuwa ameghushi alama ya Taifa. Na kwa kuwa Mlezi sasa anatetemeka bila kumwaga, kumwaga ni kumpinga. Wananchi wanahimizwa kuendelea kutetemeka kwa ari ileile, ila tone lisianguke. Kaulimbiu: Tetemeka, Usimwage.

Nchi ilikesha ikifua. Sabuni iliadimika madukani. Mashati ya madoa, ambayo watu walikuwa wameyatundika sebuleni kama shahada, yalizikwa mashambani. Mvumbuzi wa suruali ya plastiki alinyang'anywa mtaa wake. Profesa Kitundu alipewa nishani kwa kuwa msukumo wa Mheshimiwa, na Sikudhani aliagizwa kuisawazisha ile sakafu ya mteremko.

Kutetemeka na kikombe kilichojaa, bila kumwaga, hakuwezekani. Hilo linathibitishwa na mtu yeyote mwenye kikombe. Lakini tatizo la kila siku halikosi mvumbuzi wake. Hajulikani jina, hana mtaa wala nishani, lakini ndiye aliyevumbua kitu kilichoenea kuliko vyote katika historia ya nchi ile. Aligundua kwamba kikombe kikiwa kitupu, tetemeka utakavyo, hakimwagi.

Wiki haikupita, nchi nzima ilikuwa inakunywa vikombe vitupu. Watu walivipuliza vipoe. Walivuta kwa sauti, wakasema "Ahaa!", wakasifu majani. Akina mama waliwauliza wageni kama sukari imetosha, na wageni wakajibu imezidi kidogo. Chai yenyewe iliuzwa nje, na ndiyo maana majirani huisifu sana.

Aliyebaki ni mtu mmoja aliyetetemeka kweli na aliyetaka chai kweli.

"Nitakaa ndani," alisema Mzee Mwinchande. "Kikombe kitupu siwezi. Nimekuwa kinyozi maisha yangu yote; sijawahi kuzungusha wembe hewani nikamwambia mtu amenyoleka."

Sikudhani alizunguka meza. Alikuwa na pete nyingine, na mpira wa baiskeli ulibaki, na kiti cha kunyolea kilikuwa bado na chuma. Alijua sheria, alikuwa ameisikia redioni kama wote. Alizunguka tena. Kisha akaketi, na safari hii alitulia kitini mpaka kazi ikaisha. Kikombe cha pili alikivisha kifuniko cha uzi wa kufuma, pete zisionekane.

Baba yake alikigeuza mkononi. "Nikikamatwa?"

"Tutakamatwa wote, Baba."

Mzee alifikiri. "Basi tia tangawizi."

*

Kijiweni benchi lilikuwa limejaa. Wazee walikuwa wakitetemesha vikombe vikavu, kekekeke, wakipuliza, wakisema "Ahaa!" kwa zamu. Mzee Mwinchande aliketi katikati yao, na Sikudhani akasimama nyuma yake na chupa ya chai chini ya mtandio. Mzee akainua kikombe chake. Mkono ukaruka kama ulivyozoea. Hakuna tone.

"Ahaa," alisema mzee, na wenzake wakamsifu kwa kuigiza vizuri.

Kisauti alitokea pembeni ya duka la cherehani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kikombe kitupu cha kazi, ukitetemeka mpaka kiwiko, kwa kuwa alikuwa amepandishwa cheo. Alipita mbele ya benchi akichungulia. Akafika kwa Mzee Mwinchande, akasimama. Kikombe kama hicho alikwisha kukibeba kwa mikono yake, na umbo lake hakulisahau, hata likivishwa sweta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hicho nini?"

"Kikombe."

"Kina nini ndani?"

"Vya wenzangu vina nini?"

"Havina kitu."

"Basi."

Benchi lote lilikoma kuvuta. Sikudhani aliuvuta mtandio juu ya chupa. Na katikati ya ukimya huo, kutoka kwenye kikombe cha mzee, uzi mwembamba wa mvuke ulipanda, ukapita mbele ya vifungo vya Kisauti, ukamfika puani.

Koo la Kisauti lilipanda likashuka.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainama, kofia ikawa karibu na sikio la mzee.

"Mzee," alinong'ona, "ni tangawizi?"

"Ni tangawizi."

Kisauti alikisogeza kikombe chake cha kazi chini ya ukingo wa benchi, karibu na chupa, mkono ukitetemeka mpaka kiwiko. Mzee Mwinchande aliutazama mkono ule kwa jicho lile alilokuwa akilitazamia shavu la mteja kabla ya kuweka wembe.

"Mmiminie," alimwambia binti yake. Kisha akamgeukia Kisauti. "Lakini wewe acha kutetemeka. Utaimwaga."

Mkono wa Kisauti ukatulia papo hapo. Wa mzee ukaendelea.